Uvimbe Wenye Nywele na Meno: Si Mtoto, Si Uchawi, Si Fedheha





Fikirieni ndoa ya miaka minne. Mume na mke wanapendana, wanasali pamoja, lakini bado hawajajaliwa mtoto. Tumbo la mke linaanza kujaa polepole. Mama mkwe anafurahi na kuanza kuhesabu miezi. Kipimo cha mkojo kinasema hakuna mimba. Mke anakwenda hospitali, anapigwa picha, na daktari anaona uvimbe kwenye ovari ya kulia. Anapasuliwa. Baadaye muuguzi anamweleza mume kwamba ndani ya uvimbe ule mlikuwa na nywele, mafuta na meno mawili, na kando yake vifuko vilivyojaa ute mzito.

Hapo ndipo ndoa inapojaribiwa. Kabla ya jioni habari imefika nyumbani. Mmoja anasema yule alikuwa mtoto aliyeharibika. Wa pili anasema mke alitoa mimba kabla ya kuolewa, na haya ndiyo mabaki. Wa tatu anamtaja jirani kuwa ndiye aliyeroga. Shangazi anauliza kama kile kitu hakikupaswa kubatizwa na kuzikwa. Mume anakaa kimya, na kimya chake kinamuumiza mke kuliko kidonda cha upasuaji.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini ugonjwa wenyewe upo, na maneno ya namna hiyo yanajulikana. Nia ya somo hili ni kuwapa ukweli kabla ya siku ya shida, ili ukiwafika ninyi, au dada yenu, au mtu wa jumuiya yenu, mjue la kufanya na la kusema. Mambo ni mawili. La kwanza: uvimbe huu haumshtaki mtu yeyote. La pili: hata hivyo usipuuzwe, na kazi haiishi mpaka majibu ya maabara yasomwe.

OVARI NA KAZI YAKE

Mungu amempa mwanamke ovari mbili, moja kila upande wa mji wa mimba. Kila moja ina ukubwa wa karibu lozi. Humo ndimo mayai yanamohifadhiwa, na mtoto wa kike huzaliwa nayo tayari. Kuanzia ubalehe, karibu kila mwezi yai moja hukomaa na kutoka. Ovari pia hutoa homoni zinazoongoza hedhi na kuuandaa mji wa mimba kumpokea mtoto.

Kwa kuwa ovari inafanya kazi nyingi, uvimbe unaoota humo nao ni wa aina nyingi. Vifuko vingine vya maji huja na kutoweka vyenyewe baada ya mwezi mmoja au miwili. Leo tunazungumzia aina mbili ambazo hazitoweki: teratoma, ambayo ndiyo yenye nywele na meno, na uvimbe wa ute. Mara nyingine zote mbili hukutwa katika ovari moja.

TERATOMA NI NINI?

Mwaka 1863 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliupa uvimbe huu jina la teratoma, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kioja au zimwi. Jina hilo linaonyesha jinsi hata madaktari walivyoshangaa. Leo tunajua vizuri zaidi.

Kila seli ya yai imebeba maagizo yote ya kutengeneza mwili: ngozi, nywele, mfupa, utumbo, hata sehemu za ubongo. Kwa kawaida maagizo hayo hutulia mpaka yai likutane na mbegu ya mume. Mara chache seli moja huanza kugawanyika yenyewe ndani ya ovari, bila mbegu ya mwanamume. Inatengeneza ngozi kidogo, na ngozi ile inaota nywele na kutoa mafuta. Pengine inatengeneza jino, pengine kipande cha mfupa.

Mfikirieni fundi aliyepewa matofali, mbao na mabati, lakini hana ramani ya nyumba. Ataweka mlango hapa na dirisha pale, atapigilia bati ardhini, na vifaa vyote vitakwisha bila nyumba kusimama. Ndivyo ilivyo teratoma. Vifaa ni vya mwili, lakini hakuna mtu anayejengwa.

Mwaka 1975 wanasayansi nchini Marekani walichunguza kromosomu za uvimbe wa namna hii wakaonyesha kwamba unatokana na seli za yai la mwanamke mwenyewe, bila utungaji wa mimba. Ndiyo maana hukutwa hata kwa mtoto wa kike ambaye hajafikia ubalehe, na hata kwa mtawa aliyeishi nadhiri yake kwa uaminifu maisha yake yote.

Basi jibu kwa wale wanaonong'ona ni hili. Hakuna baba, kwa hiyo hakuna uzinzi wa kutafuta. Hakuna mimba iliyotungwa, kwa hiyo hakuna mimba iliyotolewa. Hakuna mtu aliyeanza kuwapo, kwa hiyo hakuna wa kubatiza. Kanisa hubatiza binadamu, na hiki ni sehemu ya mwili wa mama iliyokua vibaya, kama chunjua inavyoota mkononi. Wala hakuna haja ya kumtafuta mchawi. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa swali lenyewe (Yohane 9). Nasi tulikatae.

Teratoma iliyokomaa, ambayo madaktari huiita pia dermoidi, ni kati ya uvimbe wa ovari unaoonekana sana kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Nyingi hukua polepole, milimita chache tu kwa mwaka. Kwa wanawake 10 hadi 15 kati ya kila 100 wenye teratoma, ovari zote mbili huwa nayo. Karibu zote si saratani. Ni 1 au 2 hivi kati ya 100 zinazogeuka kuwa saratani, na hasa kwa wanawake ambao hedhi imekwisha kukoma. Iko pia aina changa, isiyokomaa, inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Hiyo ni saratani, na huenda ikahitaji dawa kali baada ya upasuaji, lakini wengi wanaotibiwa mapema hupona, na mara nyingi ovari ya pili huachwa.

UVIMBE WA UTE

Aina ya pili huwa na vyumba vyumba vilivyojaa ute mzito kama uji wa muhogo. Uvimbe huu ni hodari wa kukua. Unaweza kufikia sentimita 20 au 30 na kulijaza tumbo lote, hata watu wakadhani mama ana mimba ya miezi minane.

Mwaka 1809, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, mama mmoja aitwaye Jane Todd Crawford alidhaniwa kuwa na mimba iliyopitisha siku zake. Daktari Ephraim McDowell alimpima akatambua kuwa ni uvimbe wa ovari. Mama huyo alisafiri kwa farasi karibu kilomita 100 mpaka nyumbani kwa daktari, akapasuliwa mwezi wa Desemba bila dawa ya usingizi, maana ilikuwa haijapatikana bado. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisema zaburi wakati wa kupasuliwa. Daktari alitoa karibu kilo 7 za kitu kama jeli, kisha kifuko chenyewe chenye uzito wa kilo 3 na zaidi. Siku ya tano akamkuta mama anatandika kitanda chake. Baada ya siku 25 alirudi kwake, akaishi hadi mwaka 1842. Ikiwa yeye aliweza wakati ule, sisi wenye dawa ya usingizi na hospitali tusikate tamaa.

Uvimbe wa ute kwenye ovari uko wa ngazi tatu. Ulio mwingi, karibu 80 kati ya 100, si saratani. Wa pili ni ule wa mpakani: seli zake zimeanza kubadilika lakini hazijavamia nyama ya mwili. Huu mara nyingi hupona kwa upasuaji, kisha mama hufuatiliwa kliniki. Wa tatu ni saratani kamili.

Hapa niwaondolee hofu ninyi mnaopanga uzazi kwa njia ya asili. Ute ambao mke anauangalia kila siku kwa kufuata njia ya Billings unatoka kwenye mlango wa mji wa mimba. Ni dalili ya afya, wala hauna uhusiano wowote na ute wa uvimbe huu. Kwa upande mwingine, chati nzuri isiwafanye mjiamini kupita kiasi. Mwanamke anaweza kuwa na teratoma na mzunguko wake ukaenda sawasawa kabisa.

ZOTE MBILI ZIKIKUTWA PAMOJA

Turudi kwa yule mama wa mfano wetu. Kwake walikuta nywele na meno, na kando yake ute. Kwa nini daktari hakusema tu, "Ni dermoidi, nendeni nyumbani"?

Kumbukeni kwamba teratoma inaweza kutengeneza karibu kila aina ya nyama ya mwili, pamoja na ngozi laini ya ndani ya utumbo. Kazi mojawapo ya ngozi hiyo ni kutoa ute. Basi mara chache sehemu hiyo ya teratoma huanza kukua yenyewe na kuwa uvimbe wa ute juu ya ule wa kwanza. Nao unaweza kuwa wa ngazi yoyote kati ya zile tatu.

Ugumu unakuja kwenye darubini. Ute wa namna hiyo unafanana sana na ute wa saratani iliyoanzia tumboni kwingine, kwa mfano kwenye utumbo mpana au kwenye kidole tumbo, yaani apendiksi, ikasafiri mpaka kwenye ovari. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Uvimbe ukiwa umezaliwa kwenye teratoma, huenda kuuondoa ni kumaliza kazi. Ukiwa umetoka kwenye apendiksi au utumbo, chanzo bado kimo tumboni, na kuitibu ovari peke yake ni kufagia maji huku bomba likiendelea kuvuja.

Tafiti zilizochapishwa mwaka 2007 na 2008 zilisaidia sana katika jambo hili. Zilionyesha kwamba baadhi ya uvimbe wa ute ulio pamoja na teratoma umezaliwa kweli humo humo kwenye ovari, ingawa sura yake ni ya utumbo. Kwa hiyo nywele zile na kipande kile cha ngozi, vilivyowatisha ndugu, vinaweza kuwa ushahidi unaomsaidia mama. Vinamwambia mtaalamu wa maabara kwamba pengine chanzo kiko hapo hapo. Lakini lazima avione. Kama uvimbe ulitupwa, au kipande kidogo tu ndicho kilichopelekwa, ushahidi umepotea.

Iko pia hali ambapo ute humwagika na kuenea tumboni kote, ukarudi tena na tena baada ya kuondolewa. Mara nyingi chanzo chake ni apendiksi, na mara chache ni teratoma ya ovari. Ndiyo sababu daktari mwenye busara, akiona ute, huichungulia apendiksi kabla ya kulifunga tumbo, na pengine huiondoa. Msishangae wala kudhani mmeibiwa.

DALILI ZA KUANGALIA

Teratoma nyingi hazina dalili. Huonekana kwa bahati wakati wa picha ya altrasaundi, hasa kliniki ya wajawazito. Lakini mke akiona haya, asinyamaze:

Tumbo kujaa au kuwa gumu bila mimba, nguo zikaanza kubana kiunoni ingawa uso na mikono vinakonda. Uzito au maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu yasiyokwisha. Kushiba upesi. Kwenda haja ndogo mara kwa mara. Maumivu wakati wa tendo la ndoa. Hili la mwisho wake wengi huwaficha waume zao kwa aibu. Mume mwema humfanya mke ajisikie salama kulisema.

Dalili moja ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile. Teratoma ni nzito, na ovari inaning'inia kama embe kwenye kikonyo chake. Inaweza kujisokota. Damu ikikatika, ovari hufa. Mke hushikwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, mara nyingi pamoja na kutapika. Hapo msinywe dawa ya maumivu na kusubiri kupambazuke. Tafuteni gari usiku huo.

MATIBABU, NA MASWALI YA KUULIZA

Hakuna mti shamba wala maji ya mganga yanayoyeyusha jino. Hata vidonge vya homoni haviondoi teratoma. Ikiwa ni ndogo na haisumbui, daktari anaweza kuiangalia kwa picha kila baada ya muda. Ikiwa ni kubwa, inaleta maumivu, au sura yake inatia shaka, huondolewa kwa upasuaji.

Nendeni wote wawili kumwona daktari. Mume, usibaki nje ukisoma gazeti. Ulizeni maswali haya, na mandike majibu kwenye daftari:

Kwanza, je, inawezekana kuondoa uvimbe tu na kuiacha ovari? Kwa teratoma ya kawaida ya mwanamke kijana, mara nyingi inawezekana.

Pili, je, kabla ya upasuaji kuna dalili za saratani kwenye picha au kwenye damu? Kama zipo, ni heri upasuaji ufanywe na mtaalamu wa saratani za wanawake, na uvimbe utolewe mzima bila kupasuka.

Tatu, je, uvimbe wote utapelekwa maabara ya patholojia, na majibu yatatoka lini? Msikubali jibu la kwamba si lazima.

Nne, kama ni uvimbe wa ute, je, apendiksi na utumbo vitatazamwa?

Tano, gharama ni kiasi gani, na ni sehemu gani italipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024? Ulizeni mapema ili msiumbuke siku ya kutoka.

Majibu yakitoka, yafuateni. Wengi hupona kidonda na hawarudi. Ripoti inakaa kabatini mwa hospitali ikiwa na neno ambalo lingeokoa maisha. Chukueni nakala, mwombe daktari awasomee kwa lugha mnayoielewa, kisha muiweke pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya ubatizo.

KANISA LINASEMAJE?

Wako wake wema wanaoogopa upasuaji wa ovari wakidhani ni dhambi, kwa kuwa wamefundishwa kwamba Kanisa linakataza kufunga kizazi. Tutofautishe mambo.

Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, alieleza kwamba si haramu kutumia tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama inajulikana kwamba tiba hiyo italeta kizuizi cha kuzaa, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Hivyo ovari iliyo na ugonjwa inaweza kuondolewa kwa dhamiri safi. Hata ovari zote mbili na mji wa mimba, ikiwa saratani inadai hivyo. Sehemu ya mwili iko kwa faida ya mwili wote.

Lakini mkishauriwa, "Kwa kuwa tumbo liko wazi, tumfunge na kizazi kabisa," hilo ni jambo jingine. Hilo haliponyi ugonjwa wowote. Kataeni kwa adabu na kwa uthabiti.

Na kama uvimbe umeonekana wakati mke ana mimba? Kuondoa uvimbe si kutoa mimba. Madaktari wanatunza watu wawili. Kama hakuna haraka, mara nyingi husubiri mpaka mama ajifungue. Kama hakuna budi kupasua, hupendelea baada ya wiki ya 14 hivi, wakati kondo la nyuma limekwisha kuchukua kazi ya ovari ya kuitegemeza mimba. Ovari ikijisokota, hawasubiri.

Kabla ya upasuaji mkubwa mwiteni padre. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1515, inasema yafaa kupokea Mpako wa Wagonjwa kabla ya operesheni nzito. Sakramenti hii si tangazo la kifo. Ni nguvu ya Bwana kwa mgonjwa.

TUTAPATA MTOTO?

Hili ndilo swali lililo moyoni mwa wengi. Ovari moja nzima yatosha kupata mimba. Hata sehemu ya ovari iliyobaki baada ya kuondoa uvimbe huendelea kufanya kazi. Wanawake wengi waliotolewa teratoma wamezaa. Mwulizeni daktari ni muda gani msubiri.

Lakini ikiwa ovari zote mbili zimeondolewa, mke hatakuwa tena na mayai, na hedhi itakoma. Atapata joto la ghafla, kukosa usingizi, ukavu katika tendo la ndoa. Mume ajue kwamba huo si ubaridi wa moyo. Kuna matibabu, na kuna subira.

Wala ndoa haikuvunjika. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba utasa hauizuii ndoa wala hauibatilishi. Mkisikia mzee wa ukoo akisema, "Mwoe mwingine, huyu amekwisha kukatwa," mjue kwamba anawaalika kuvunja agano mliloliweka mbele ya altare. Someni habari za Elkana na Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Kabla Hana hajapata mtoto, mume wake alimpa sehemu maradufu mezani, na mbele ya watu alionyesha kwamba anampenda. Ndoa yenu inaweza kuzaa matunda ya upendo, ukarimu na sadaka, pamoja na kumpokea yatima, kama Kanisa linavyofundisha.

NENO KWA MUME

Ndugu yangu, mke wako atakapotoka chumba cha upasuaji, watu wengi watakutazama wewe kabla ya kumtazama yeye. Wakikuona unasitasita, watasema. Wakikuona umesimama, watanyamaza. Zungumza wewe kwanza. Waambie mama yako na shangazi: "Ulikuwa ugonjwa wa ovari. Hakuwa mtoto. Hakuna aliyekosa. Tunangoja majibu ya maabara, nanyi mtuombee." Maneno hayo machache yatamtibu mke wako mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki.

Mtume Paulo anawafundisha waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe (Waefeso 5). Ugonjwa wa ovari yake, basi, ni ugonjwa wako. Usimzuie kutia sahihi ya matibabu kwa kungoja kikao cha ukoo. Mwili ni wake, yeye ni mtu mzima, na wakati haungoji.

NENO KWA MKE

Nawe mama, usifiche. Yule mwanamke wa Injili ya Marko aliyetokwa damu miaka 12 alikwisha kugharimia waganga wengi, lakini hakuona haya kuligusa vazi la Bwana katikati ya umati. Mwambie mumeo mapema. Ukimwacha asikie kwa muuguzi au kwa jirani, umempa shetani nafasi ya kupanda wasiwasi. Wala usijione najisi kwa sababu ya kile kilichotolewa. Kilikuwa ndani yako, lakini hakikuwa wewe.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, liko jambo la afya ambalo mmoja wetu amekuwa akimficha mwenzake? Kwa nini?

2. Dharura ikitokea usiku, ni nani tutakayempigia simu, na fedha za gari ziko wapi?

3. Tuna taarifa zozote za hospitali ambazo hatujawahi kwenda kuchukua majibu yake?

4. Katika jumuiya yetu, yuko mama anayesemwa vibaya kwa sababu ya ugonjwa wa uzazi au kwa kukosa mtoto? Sisi wawili tutamsaidiaje wiki hii?

SALA

Ee Mungu, uliyetuumba mume na mke, ulinde mwili tuliopeana katika ndoa. Uwape madaktari macho ya kuona na mikono mitulivu. Utuondolee hofu inayozaa uongo, na uvivu unaochelewesha tiba. Utujalie watoto kadiri ya mapenzi yako, na kama sivyo, usitunyime upendo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.